Goti limeniacha, sasa nafundisha watoto sarakasi Shangani. Bingwa anageukaje kuwa kocha?

Goti_Bovu (Mtwara)

Habari zenu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Nipo Mtwara mjini, miaka 29, naendesha bodaboda. Zamani nilikuwa mtu wa sarakasi. Waliowahi kwenda Nanenane pale Ngongo huenda walishaniona: kwenye ile minara ya watu, mimi ndiye niliyekuwa nakaa juu kabisa, kisha najirusha, nabinuka nyuma, natua kwa miguu. Nasema zamani, kumbe ni miaka minne tu.

Goti lilikwenda kwenye harusi. Ukumbi siutaji. Sakafu ya marumaru, mtoto kamwaga soda, mimi nikatua juu ya soda. Nilisikia mlio kama mtu kavunja muhogo mbichi. Watu wakapiga makofi, wakidhani kulala pale chini ndiyo mwisho wa mchezo. MC naye akasema "mpeni maua yake". Hospitali waliniambia kano ya goti imekatika, na operesheni yake ni pesa ambayo mimi na bodaboda yangu tukiuzwa pamoja haifiki.

Sasa mwaka jana nilikuwa nakwenda ufukweni Shangani jioni kunyoosha goti. Watoto wakawa wananitazama. Mmoja akasema, kaka wewe si yule wa sarakasi, tufundishe. Leo wapo kumi na moja, wasichana wanne. Tunakutana maji yakitoka, mchanga ukiwa umeshikana lakini haujawa mgumu. Vifaa vyetu: tairi tatu za fuso tumezifukia nusu, ukikanyaga zinakurusha, godoro moja la gesti lililokwisha kazi, na viroba sita tumejaza maranda kutoka kwa seremala. Silipwi. Mama mmoja huniletea ming'oko ya kuchemsha, nakula na watoto.

Shida ni kwamba sijui kufundisha. Mtoto akiniuliza "unafanyaje?" nabaki nasema "unaruka, unajikunja, unafika". Nikitaka kuonyesha, goti linagoma. Wengine wameshika kwa kuangaliana wao kwa wao, wengine wanaanguka tu kila siku. Kuna binti mmoja mrefu, kila akibinuka anatua kwa makalio, mwezi wa tano sasa.

Lakini kinachoniuma ni dogo mmoja tunamwita Kidagaa, miaka kumi na moja. Huyu alibinuka nyuma siku ya tisa tu tangu aanze. Sijawahi kuona. Ghafla mwezi uliopita akaacha. Anakimbia vizuri, anafika kwenye tairi, anasimama. Anarudi, anakimbia, anasimama. Hajaanguka, hajaumia, hakuna kilichotokea. Mimi nikamfokea. Nilimwambia mbele ya wenzake maneno ambayo hata kuyaandika hapa naona haya. Wiki mbili hajaja. Nimekwenda kwao, mama yake anauza samaki feri, ananiambia mtoto mzima tu ila anasema ana kazi nyingi za shule. Yupo darasa la tano, kazi gani hizo?

Juzi nikaona kwenye simu habari za mabingwa wa jimnastiki wa Olimpiki waliogeuka makocha. Wenzetu wanafanyaje? Mtu aliyekuwa anaruka anajifunzaje kufundisha, tena akiwa haruki tena? Na huyu dogo nimrudie kwa njia gani?

---

Korosho_Ghafi (Tandahimba)

Pole kwa goti mkuu. Ile ya MC imenichekesha, unisamehe.

Swali lako limekosea mahali. Nani kakwambia kocha lazima awe bingwa? Yule Béla Károlyi wa Romania alikuwa bondia na mrusha nyundo, jitu la miraba minne. Jimnastiki kaijulia chuoni, na hakufika popote nayo. Lakini ndiye kamtoa Nadia Comăneci. Olimpiki ya Montreal 1976, mtoto wa miaka 14 anapewa kumi kamili, ubao wa matokeo unaandika 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha kumi. Akazipata kumi kama hizo saba kwenye michezo ile ile. Sasa huyo mrusha nyundo alimwonyesha nini? Hakuna. Kwa hiyo goti lako siyo kisingizio. Fundisha.

Kuhusu dogo: mwache. Akitaka atakuja. Mtoto habembelezwi.

---

BiHalaiki (Lindi)

Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Lindi mjini. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na katika hiyo nimefundisha halaiki mpaka nikachoka na rangi za bendera. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa halaiki mwenyewe. Nilikuwa mwepesi kama pamba ya msufi, wakinipanga juu kila mara. Kwa hiyo naijua ile nafasi ya juu uliyokuwa unakaa. Ukiwa kule juu hujui kinachofanyika chini. Yule wa chini ndiye anayejua mguu wa nani unatetemeka.

Nikikujibu nitaanza na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa watoto themanini wa kuandaa kwa ajili ya Mwenge, uwanja wa Ilulu. Nikawafundisha kama unavyotaka wewe: nafanya mimi, wao wananiiga. Nilikuwa kijana, napenda kutazamwa. Kulikuwa na mnara wa ngazi tatu. Binti wa juu nilimwonyesha namna ya kupanda mara kumi, namna ya kushuka sikumwonyesha hata mara moja, kwa sababu mimi nilipokuwa mtoto nilishuka tu, sikuwahi kufikiri kwamba kushuka ni somo. Akapanda vizuri mno. Akasimama kule juu akaanza kulia. Hakuanguka, alhamdulillahi, lakini tulimtoa kwa ngazi ya fundi rangi, na mkuu wa shule anatazama. Usiku ule nikachukua daftari nikaandika vitendo vyote vya kushuka, kimoja kimoja, mguu gani kwanza, mkono unashika nini, macho yanatazama wapi. Vilifika kumi na nne. Vitu kumi na vinne ambavyo mwili wangu ulikuwa unavifanya bila kuniarifu!

Hilo ndilo tatizo la bingwa. Hana habari na kazi yake mwenyewe.

Sasa umeuliza habari za wenzetu. Nitakupa mmoja ambaye nimemfuatilia tangu Beijing 2008, nilipokuwa nakesha na televisheni mpaka marehemu mume wangu akasema huo umeme utaulipa wewe.

Anaitwa Valeri Liukin. Kazaliwa Aktyubinsk, Kazakhstan, enzi za Urusi ile kubwa. Alikuwa mtu wa kwanza kubinuka nyuma mara tatu hewani kwenye sakafu ya mashindano, mwaka 1987. Mara tatu, mwanangu, kabla ya kugusa chini. Olimpiki ya Seoul 1988 akachukua dhahabu ya timu, na dhahabu ya chuma cha juu, kile kilichopita mita mbili na nusu kutoka kwenye godoro. Hiyo ya chuma aligawana na mwenzake wa timu, Vladimir Artemov, pointi zililingana wakapewa dhahabu wote wawili. Lakini ile kubwa, ya vifaa vyote, Artemov alimpita. Kwa kiasi gani? Moja ya kumi. Artemov 119.125, yeye 119.025. Ukitaka kujua moja ya kumi ni nini, ni kidole cha mguu kilichosahau kunyooka.

Nchi ikavunjika, mwaka 1992 akahamia Marekani na mkewe, Anna Kotchneva, naye bingwa wa dunia wa jimnastiki ile ya utepe na mpira, na mtoto wao mdogo. Mwaka 1994 akafungua jimu Texas pamoja na Evgeny Marchenko. Na huyu Marchenko ukae chini: alikuwa bingwa wa dunia wa sarakasi. Sarakasi hii hii yenu ya kubebana na kurushana, wenzetu wanaishindania kombe. Kwa hiyo usijione mdogo.

Mtoto wao, Nastia, wazazi hawakutaka acheze. Walijua mchezo wenyewe unavyokula mtu. Ila hawakuwa na pesa ya kumlipa yaya, wakawa wanakwenda naye kazini. Anakaa jimu kutwa nzima, anaona, anaiga. Unafikiri angefanya nini, kushona?

Baba akakubali kumfundisha. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo ninapotaka ufike. Yule baba alikuwa mtu wa nguvu. Jina lake duniani ni kule kubinuka mara tatu. Mtoto akatoka mrefu, mwembamba, miguu kama korongo, nguvu ya kuruka haipo. Mkimbizo na ile meza ya kurukia ndiyo ilikuwa udhaifu wake mpaka mwisho. Baba mwingine, mimi nawajua, angemkamua yule mtoto ili atoe kile alichokuwa nacho yeye. Liukin alimtazama binti aliyeletwa, siyo aliyemtamani. Akamjenga kwenye vyuma viwili na kwenye ule mti mwembamba, mahali ambapo urefu na mstari wa mwili ndio unaolipa. Beijing, Agosti 2008, binti ana miaka 18, akachukua ile dhahabu ya vifaa vyote. Ile ile baba aliyoikosa Seoul kwa moja ya kumi.

Siku tatu baadaye fainali ya vyuma. Nastia 16.725. Yule Mchina, He Kexin, 16.725. Sawa sawa. Baba yake alipolingana na mwenzake miaka ishirini nyuma walipewa dhahabu wote wawili. Safari hii sheria zilikuwa zimebadilika, kompyuta ikachambua makato ya majaji, dhahabu ikaenda kwa Mchina, Nastia akapewa fedha. Nilimwona baba amesimama pembeni. Mimi ningegombana na mtu. Nilizima televisheni kwa hasira, umeme ule ukapata nafuu.

Basi, yule binti wako mrefu anayetua kwa makalio mwezi wa tano. Umempa tairi kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa tairi. Mpe mti. Mti wao una upana wa sentimita kumi, urefu mita tano, na umeinuliwa mita moja na robo, lakini wewe usiuinue. Tafuta gogo la mnazi, seremala wako achonge juu pawe bapa, ulilaze mchangani. Kabla ya gogo chora mstari kwa fimbo. Atembee, ageuke, asimame kwa mguu mmoja, alale chali juu yake. Uone.

Kidagaa nitamzungumza kesho, macho yameuma. Korosho_Ghafi naye ana lake.

---

MuuguziMama (Ligula)

Naingia kama mzazi na kama muuguzi. Kaka unafanya jambo jema, ila niruhusu nikaze kidogo.

Mtoto akiangukia kichwa au shingo, usimnyanyue. Usimkalishe, usimvute mkono, usimpe maji. Analala pale pale alipo, mtu mmoja anashika kichwa kisicheze kwa mikono miwili, mwingine anatafuta gari. Gari, siyo bodaboda yako. Wafundishe na watoto wakubwa, kwa sababu siku hiyo huenda wewe ndiye utakayechanganyikiwa. Nimeshapokea mtoto aliyeletwa amebanwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, shingo inaning'inia, na waliomleta walikuwa wanampenda sana.

La pili. Una wasichana wanne. Sikutuhumu, sikujui. Lakini mchezo huu mtu mzima anamshika mtoto mwili, hauepukiki, na ndiyo maana unahitaji macho. Marekani huko huko anakosema mama, daktari wa timu ya taifa aliwadhulumu wasichana miaka na miaka, wengine wana medali za Olimpiki. Mwaka 2018 wanawake 156 walitoa maelezo yao mahakamani. Wengi walishawahi kusema wakiwa watoto, wakaambiwa wamekosea. Kwa hiyo: fanyeni mazoezi peupe, palepale ufukweni, kusiwe na mazoezi ya mtoto mmoja peke yake, na kila siku mzazi mmoja awepo, hata kama anachambua dagaa zake pembeni. Na mtoto akisema "leo usinishike", humshiki, na humuulizi sababu.

Korosho_Ghafi, umemsifu Károlyi sana. Wengi waliopita kwenye ile kambi yake na mkewe wana simulizi nyingine za njaa na matusi. Tusichukue medali tu tukaacha habari iliyobaki.

---

Korosho_Ghafi

Dada nimekusikia. Sikuwa natetea matusi, nilikuwa natetea watu wasio mabingwa, mimi nikiwa mmoja wao.

---

BiHalaiki

Nimeamka. Nimekunywa chai, nimemwagilia mchicha.

Korosho_Ghafi mwanangu, hadithi yako ya mrusha nyundo umeikata nusu. Yule mkewe, Márta, alikuwa mwanajimnastiki, na kazi ile walifanya wawili. Nyumba ikijengwa anasifiwa mwenye sauti. Tuyaache.

Goti_Bovu, sasa Kidagaa.

Ugonjwa wake una jina, wenzetu wanauita "twisties", na umempata mkubwa kuliko yeye. Simone Biles wa Marekani, Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, fainali ya timu. Kakimbia, karuka, alitakiwa ajizungushe mara mbili na nusu hewani, akajizungusha moja na nusu akatua kama mtu aliyeshuka basi likiwa bado linakwenda. Hakuumia, hakuanguka. Akasema sijui niko wapi hewani, akatoka. Bingwa wa dunia! Kichwa kinapotea: mwili unaruka, lakini juu na chini havijulikani. Watu walimtukana duniani kote, wakiwemo waliokuwa wamekaa kwenye kochi. Kocha wake alikuwa Mfaransa, Cecile Landi, na mumewe Laurent. Cecile aliwahi kucheza Olimpiki ya Atlanta 1996, hakuwa bingwa, na wote wawili waliwahi kufundisha jimu ile ile ya kina Liukin. Hawakumlazimisha. Yule binti alipumzika, akaanza tena na vitu vya chini kabisa. Paris 2024 akarudi na dhahabu tatu na fedha moja.

Kidagaa anasimama kwenye tairi kwa sababu ana akili. Alijifunza haraka, siku tisa, maana yake alirukia kitu kizima bila kukipitia vipande. Sasa kichwa kimekua kidogo, kimeanza kuuliza "hivi nafanyaje?", na hakuna jibu, kwa sababu wewe hukumpa. Ulimwambia unaruka, unajikunja, unafika.

Kwa hiyo mpe vipande. Usimrudishe kwenye tairi. Hapo Shangani mchanga una mteremko mahali maji yalipokata, sivyo? Akae juu ya mteremko, ajiviringishe kinyumenyume kuelekea chini, magoti kifuani. Ndiko kubinuka nyuma kunakoanzia, mzigo mzima umebebwa na mteremko. Akikaa sawa hapo, aruke juu tu, wima, mikono masikioni, macho yanatazama mbele. Wengi wanarusha kichwa nyuma kutafuta ardhi, hapo ndipo wanapopotea. Kuruka juu ni somo moja, kugeuka ni somo lingine. Kisha wewe upige magoti pembeni yake. Goti bovu liweke juu ya kiroba cha maranda. Mkono mmoja chini ya kiuno chake, mwingine nyuma ya paja, umgeuze polepole mpaka aone bahari kichwa chini, asimame hapo kidogo, akwambie anaona nini. "Naona mtumbwi." "Uko juu au chini?" Mpaka ajue. Na kabla hujamshika, muulize kama alivyosema mwanangu muuguzi.

Unaona? Kazi hiyo haitaki goti. Inataka mikono miwili na mdomo.

Na yale maneno uliyomwambia mbele ya wenzake, utayaondoa mbele ya wenzake. Usimwite pembeni. Matusi ya uwanjani hayafutwi uchochoroni.

---

Goti_Bovu

Shikamoo mama. Nimekaa kimya siku kumi na mbili, nilikuwa nafanya.

Nilianza na daftari. Nikalala kitandani nikafumba macho nikabinuka kichwani, polepole, naandika. Nilifika kitendo cha sita nikagundua kwamba mkono wangu wa kushoto hutangulia wa kulia. Miaka kumi nimefanya kitu hicho sijui! Ndiyo maana watoto wote wanaoiga mikono yangu wanatua wamepinda kulia. Nilicheka peke yangu, mke wangu akauliza kulikoni.

Gogo tumepata, mnazi ulioanguka kwa upepo, mwenyewe katupa bure tukimlimia palizi. Seremala kachonga juu, siyo sentimita kumi kamili, tumempa kumi na tano kwa kuanzia. Yule binti mrefu siku ya kwanza kaenda na kurudi bila kuyumba, akageukia ncha, akainua mguu taratibu mpaka usawa wa kiuno, akakaa hivyo. Watoto wakanyamaza. Mimi miezi mitano nilikuwa namwita mzito.

Muuguzi, wazazi wamepanga zamu, wawili kila siku. Mmoja anakuja na jiko anauza kachori, sasa mazoezi yamekuwa na wateja. Ile ya shingo tumeifanya kwa maigizo, mimi nikiwa majeruhi. Walinibeba vibaya mara ya kwanza, ya pili wakapatia.

Kidagaa. Nilipita kwao tena, sikumwambia arudi, nilimwambia mama yake kesho nina jambo la kusema uwanjani, aje asikilize hata kwa mbali. Akaja akakaa juu ya mtumbwi uliofunikwa, mbali kabisa. Nikasimama mbele ya wote nikasema niliyosema siku ile yalikuwa maneno ya kijinga, na aliyekosea ni mimi niliyemfundisha haraka. Ilikuwa ngumu kuliko mnara wowote. Watoto wakatazama chini, mmoja akacheka, basi ikaisha.

Kidagaa hakusogea. Nikaendelea na wengine kwenye mteremko. Baada ya muda nikasikia mtu nyuma yangu ananiuliza, "Kaka, na wewe uliwahi kuogopa?" Nikamwambia tangu ile harusi nikiona sakafu imelowa nashika ukuta, hata bafuni kwangu. Akafikiri. Akasema, "Hata bafuni?" Nikamwambia hata bafuni. Akapanda mteremko akajiviringisha mara moja, akasimama, akajipangusa mchanga, akaenda zake nyumbani. Juzi amekuja akajiviringisha mara nyingi, hatujagusa tairi. Jana aliniuliza kama anaweza kuwa yeye anayelainisha mchanga kabla hatujaanza, nimempa reki.

Kesho maji yanatoka saa kumi na nusu. Anayejua mahali hapa mjini wanapouza magodoro ya zamani ya gesti kwa bei ya kutupa aniandikie, hili letu limeanza kutoa vyuma.